Wakfu Binafsi na Utafiti wa Tiba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sayansi, waandishi wa habari, watafiti wanaoandika andiko lao la kwanza la kuomba ruzuku, na wazazi walioombwa kuwaruhusu watoto wao washiriki majaribio ya chanjo. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee. Mwenye swali moja tu anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Wakfu binafsi ni nini, na fedha zake hutoka wapi?

Ni taasisi isiyo ya serikali wala ya biashara, iliyokabidhiwa mali na mtu, familia au kampuni ili mali hiyo itumike kwa manufaa ya umma. Kwa kawaida mali yenyewe hailiwi. Huwekezwa kwenye hisa, hatifungani na majengo, na kinachozalishwa ndicho hugawiwa mwaka hadi mwaka. Wellcome Trust ya London ni mfano mzuri. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa, alifariki mwaka 1936 na wosia wake ukaiachia taasisi hiyo kampuni yake. Baadaye wadhamini waliuza hisa hizo kwa awamu, sehemu kubwa ya mwisho ikichukuliwa na kampuni ya dawa ya Glaxo mwaka 1995, na wakawekeza fedha kwingine.

Wakfu wa aina hii si sawa na shirika la hisani linalochangisha. Cancer Research UK, kwa mfano, huishi kwa michango ya watu wengi, na lazima iwaridhishe watu hao kila mwaka. Mwenye mtaji wake mwenyewe anaweza kungoja miaka ishirini bila kuulizwa na mtu. Subira hiyo ndiyo nguvu kubwa ya wakfu, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi utakayoyasoma hapa chini.

Zinatoa kiasi gani ukilinganisha na serikali?

Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) peke yake zimekuwa na bajeti ya takriban dola bilioni 47 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Wellcome, mmoja wa wafadhili binafsi wakubwa kabisa wa sayansi ya afya, ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingetumia pauni bilioni 16 kwa miaka kumi. Wakfu wa Gates hutumia karibu dola bilioni 9 kwa mwaka, lakini humo mna chanjo za kugawa, kilimo, elimu na usafi wa mazingira. Utafiti ni sehemu tu. Kampuni za dawa nazo hutumia fedha nyingi mno, hasa kwenye hatua za mwisho za bidhaa zinazotarajiwa kulipa.

Hesabu hubadilika ukiingia kwenye magonjwa ya watu maskini. Kwenye malaria na kifua kikuu, ambako soko halivutii, Wakfu wa Gates uko miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa wa utafiti duniani. Huko uamuzi wa ofisi moja unaweza kupandisha au kushusha eneo zima la sayansi.

Kama fungu lao ni dogo, kwa nini zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu ya wakati fedha zinapoingia. Fedha ya serikali hupitia bunge, kanuni na kamati, na kamati hupenda wazo ambalo tayari lina ushahidi. Wakfu unaweza kulipia wazo kabla ushahidi haujapatikana. Miaka ya 1930, Warren Weaver wa Wakfu wa Rockefeller aliamua kuwapa fedha watu waliotaka kuchunguza uhai kwa vifaa vya fizikia na kemia, wakati ambapo wanabiolojia wengi hawakuona haja hiyo. Ni yeye aliyeanza kuliita eneo hilo biolojia ya molekuli, mwaka 1938. Wakfu huohuo ulisaidia pia kikundi cha Howard Florey kule Oxford kilipokuwa kikihangaika kuifanya penisilini iwe dawa.

Sababu ya pili ni uwezo wa kubeba hasara ambayo mwingine haitaki. Kwa miaka mingi homa ya uti wa mgongo ya kundi A ilikuwa ikiua katika ukanda wa Afrika unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Serikali za ukanda huo zilisema wazi kwamba zingemudu chanjo isiyozidi nusu dola, na kampuni kubwa hazikuona biashara hapo. Mwaka 2001 Wakfu wa Gates ulitoa dola milioni 70 kwa mradi wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na PATH, shirika la afya lisilo la faida. Bei iliwekwa kwanza, kisha chanjo ikatengenezwa kuifuata, na Serum Institute ya India ikakubali kuizalisha. Chanjo hiyo, MenAfriVac, ilianza kutolewa kwa kampeni kubwa Burkina Faso Desemba 2010, na mahali ilipofika ugonjwa wa kundi A karibu ukatoweka. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote wa kile ambacho fedha binafsi zinaweza kufanya zikitumiwa kwa akili.

Haya yalianza lini?

Kwa sura tunayoijua, mwanzoni mwa karne ya 20. Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba ilianzishwa New York mwaka 1901, na Wakfu wa Rockefeller mwaka 1913. Afrika iliingia kwenye historia hiyo mapema, kupitia homa ya manjano. Mwaka 1927 watafiti wa Rockefeller katika Afrika Magharibi walichukua damu ya mgonjwa mmoja wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyeitwa Asibi. Yeye alipona. Virusi vilivyotoka kwenye damu yake vikapandikizwa maabara mara nyingi hadi vikapoteza makali, na kutoka kwavyo Max Theiler na wenzake wakapata chanjo ya 17D. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Chanjo ya homa ya manjano inayochomwa hadi leo ni mzao wa virusi vile.

Watafiti walilipa pia: Adrian Stokes, Hideyo Noguchi na William Young walikufa kwa ugonjwa huohuo waliokuwa wakiuchunguza, kati ya 1927 na 1928. Mwaka 1936 Rockefeller ilianzisha taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Virusi vya Zika viligunduliwa na watafiti wa hapo mwaka 1947.

Jina la Asibi lilibaki kama jina la aina ya virusi. Yeye mwenyewe hakuwa na sauti katika lolote lililofuata. Maswali ya leo kuhusu ridhaa na umiliki (tazama sehemu ya matokeo na ya mashaka) yana mizizi hapo.

## Fedha zinavyogawiwa

Nani huamua nani apewe?

Hutofautiana mno. Wakfu nyingi hutoa wito wa maombi, hupeleka maandiko kwa wataalamu wa nje wayapime, kisha kamati huchagua. Nyingine hazipokei maombi kabisa: maofisa wake huzunguka, husoma, huwatafuta watu wanaowataka na kuwaalika. Juu ya wote kuna bodi ya wadhamini, na bodi hiyo haipigiwi kura na mwananchi yeyote. Kabla ya kuandika hata aya moja ya andiko, chunguza wakfu unaoulenga unafuata njia ipi.

Kumfadhili mtu badala ya mradi kuna faida gani?

Ruzuku ya kawaida hulipia mradi: lengo, ratiba, bajeti, matokeo yanayotarajiwa. Howard Hughes Medical Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1953, humchagua mwanasayansi, humlipa kwa miaka kadhaa, na humwachia uhuru wa kubadili mwelekeo akiona njia aliyoishika haina mwisho.

Wanauchumi Pierre Azoulay, Joshua Graff Zivin na Gustavo Manso walichapisha mwaka 2011 ulinganisho kati ya watafiti wa Howard Hughes na wenzao wenye sifa zinazokaribiana waliotegemea ruzuku za NIH. Wale wa Howard Hughes walitoa kazi nyingi zaidi zenye uzito mkubwa, na pia kazi nyingi zaidi ambazo hazikufika popote. Mawili hayo huja pamoja, na asiyevumilia la pili asitarajie la kwanza. Ubaya wa njia hii ni kwamba humpendelea aliyekwisha kuonekana. Kijana mwenye wazo zuri katika chuo kisichojulikana hupitwa kimya kimya.

Kwa nini vyuo hulalamika hata vinapopewa ruzuku?

Kwa sababu ya gharama zisizoonekana. Umeme wa majokofu, mhasibu, mlinzi, leseni, jengo lenyewe: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa kwenye mradi wa chanjo, na bila hivyo mradi haupo. Nchini Marekani serikali hujadiliana na kila chuo kiwango cha gharama hizi, na kwa vyuo vingine huzidi asilimia 50 juu ya gharama za moja kwa moja. Wakfu nyingi huweka ukomo wa chini zaidi. Gates, kwa mfano, imekuwa ikiwapa vyuo vikuu hadi asilimia 10.

Wakfu hujitetea kwamba fedha yao imekusudiwa sayansi, si ofisi. Kwa chuo chenye ruzuku kubwa za serikali hoja hiyo inavumilika, maana tofauti hufidiwa kwingine. Kwa taasisi isiyo na pa kufidia inaumiza kweli: inapokea mradi mkubwa, inasifiwa magazetini, na mwisho wa mwaka imebaki na deni la umeme. Anayeomba ruzuku aorodheshe mapema gharama zote anazoweza kuzitetea kama za moja kwa moja, zikiwemo za uhasibu na utunzaji wa data.

Mtafiti wa nchi yenye kipato cha chini anaweza kuomba mwenyewe?

Ndiyo, na milango imeongezeka. Zamani fedha zilipita karibu zote kwenye chuo cha Ulaya au Marekani, na taasisi ya Afrika ikawa mahali pa kukusanyia sampuli. Hali hiyo haijaisha. Hata hivyo kituo cha Kilifi, ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na Wellcome ulioanza 1989, kimekuza watafiti wanaoongoza miradi yao. Mpango wa DELTAS Africa, uliozinduliwa 2015, ulikusudia watafiti wakuu na usimamizi vyote vikae barani.

Ukishirikiana na chuo cha nje, soma kipengele kinachosema ni nani mpokeaji mkuu wa fedha. Yeye ndiye hushika bajeti, na mara nyingi mshika bajeti ndiye huishia kuwa mwandishi wa mwisho wa makala, nafasi ambayo katika sayansi ya tiba ni ya kiongozi wa utafiti.

Nimeandikiwa kwamba nimeshinda ruzuku ila nilipe ada kwanza. Ni kweli?

Si kweli. Wakfu halali haumtozi mtu ada ili umpe ruzuku. Usitume fedha wala nakala ya pasipoti.

## Matokeo ni ya nani

Chanjo au dawa ikipatikana, inakuwa mali ya nani?

Mara nyingi hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, hubaki kwa chuo au kampuni iliyofanya ugunduzi. Wakfu wenye umakini hutumia mkataba kujihakikishia jambo jingine: kwamba bidhaa itapatikana kwa bei nafuu na kwa wingi katika nchi zenye uhitaji, na kwamba kampuni ikiiacha rafuni, haki zinahamia kwa mwingine. MenAfriVac, iliyotajwa juu, ilifanikiwa kwa sababu masharti ya bei yalikubaliwa kabla ya kazi kuanza. Kujadili bei baada ya dawa kufaulu ni kuchelewa, maana nguvu yote imeshahamia kwa mwenye kiwanda.

Kuna mfano wa wakfu uliopata faida kutokana na dawa?

Upo, na bado unabishaniwa. Wakfu wa Sistiki Faibrosisi wa Marekani, ulioanzishwa na familia za watoto wenye ugonjwa huo wa kurithi wa mapafu, uliweka takriban dola milioni 150 kwenye utafiti wa kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya kampuni ya dawa ya Vertex. Matokeo yake yalikuwa ivacaftor, iliyoidhinishwa Januari 2012, dawa ya kwanza kugusa kasoro yenyewe badala ya dalili. Mwaka 2014 wakfu uliuza haki zake za mrabaha kwa dola bilioni 3.3.

Bei ya dawa ilikuwa karibu dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wanaoutetea wakfu husema fedha zile zimelipia dawa zilizofuata, na ni kweli kwamba maisha ya wagonjwa wengi yamerefuka. Lakini mlinzi wa wagonjwa aliyekuwa na maslahi kwenye mauzo hakuwa katika nafasi nzuri ya kupigania bei ishuke. Nadhani wakfu ungeweza kudai masharti ya bei tangu mwanzo, na ulikuwa na fedha na hadhi ya kudai hivyo.

Je, data na makala zinapatikana bure?

Hapa wakfu zimefanya kazi ya kusifiwa. Mwaka 1996, Wellcome ikiwa mmoja wa wafadhili wakuu, wanasayansi wa mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani jumla ya maelezo yake yote ya urithi, walikubaliana huko Bermuda kuchapisha mfuatano wa jeni ndani ya saa 24 tangu upatikane. Ndiyo sababu leo mwanafunzi popote anaweza kuusoma bila kulipa. Kituo cha Sanger, kilichofadhiliwa na Wellcome karibu na Cambridge, kilisoma takriban theluthi moja ya jenomu hiyo.

Kwa makala, Wellcome ilianza kudai usomaji wa bure mwaka 2005. Gates imekwenda mbali zaidi: tangu 2025 hailipi tena ada za majarida, na inawataka watafiti wake waweke makala hadharani kabla hazijapitiwa na jarida.

## Mashaka na ukosoaji

Je, matajiri ndio wanaoamua magonjwa yapi yatafitiwe?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 2008 ilijulikana hadharani kwamba Arata Kochi, mkuu wa programu ya malaria ya WHO, alimwandikia mkurugenzi wake akilalamika kwamba ukubwa wa fedha za Gates ulikuwa ukiwafanya wanasayansi wa malaria waungane kwenye mawazo ya mfadhili na kushindwa kukosoana. Hakuna aliyeshurutishwa. Mtu anayejua kwamba ruzuku yake ijayo itatoka ofisi ileile hujifunza mwenyewe kunyamaza.

Upande wa pili wa mizani ni malale. Kwa miongo kadhaa dawa ya hatua ya mwisho ya ugonjwa huo ilikuwa melarsoprol, yenye aseniki, iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini waliopewa. Serikali tajiri hazikuwa na haraka. Vidonge vya fexinidazole, vilivyopata kibali mwaka 2018, vilitokana na DNDi, shirika lisilo la faida linalochanganya fedha za serikali na za wakfu, zikiwemo Gates na Wellcome. Ukiondoa fedha binafsi kwenye magonjwa kama hayo, usidhani demokrasia itajaza nafasi ile yenyewe.

Wakfu zimewahi kufadhili sayansi mbaya?

Ndiyo, na si jambo la kufichwa. Taasisi ya Carnegie ya Washington iliendesha kwa miaka mingi Ofisi ya Kumbukumbu za Ujenetiki Bora (eugenics, wazo la “kuboresha” kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae) kule Cold Spring Harbor, iliyotoa hoja za kuhasi watu kwa nguvu na kuwazuia wahamiaji. Ilifungwa mwaka 1939. Rockefeller nayo ilifadhili taasisi za Ujerumani ambazo baadhi ya wanasayansi wake walikuja kuitumikia itikadi ya Wanazi. Hao hawakuwa wapuuzi waliodanganywa. Walikuwa wataalamu walioheshimika, na wenzao waliwapitisha. Uhuru wa kwenda mbele ya ushahidi, niliousifu juu, uliwapeleka huko pia.

Wakfu wa kampuni unaaminika?

Angalia kampuni inauza nini na wakfu unachunguza nini. Mwaka 2017 kampuni ya sigara ya Philip Morris International iliahidi takriban dola milioni 80 kwa mwaka kwa wakfu mpya wa kutafiti mwisho wa uvutaji sigara. WHO ikazitaka serikali zisishirikiane nao, na ilifanya vyema. Wakfu wa Novo Nordisk wa Denmark ni hali nyingine: una nguvu ya uamuzi juu ya kampuni inayouza insulini na dawa za unene, na hugawa fedha nyingi kwa sayansi ya wazi. Unafadhili kazi nzuri. Bado mtafiti wa kisukari anayelipwa nao anapaswa kulitamka hilo kila anapochapisha.

Mtoto wangu ameombwa kushiriki jaribio linalolipiwa na wakfu. Nifanyeje?

Jaribio halali lazima liwe limepitishwa na kamati ya maadili ya nchi linapofanyika, hata mlipaji awe tajiri namna gani. Uliza mambo manne, na ujibiwe kwa lugha unayoielewa: kamati ipi imelipitisha, nani atamtibu mtoto akidhurika na kwa muda gani, sampuli za damu zitakwenda wapi, na kama chanjo ikifaulu wakazi wa eneo lako wataipata lini. Unaweza kumtoa mtoto wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Majaribio haya si ya kuogopwa kwa sababu tu fedha ni za watu binafsi. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilihusisha zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika, sehemu ya fedha ikitoka Gates, na mwaka 2021 WHO ikaipendekeza chanjo hiyo.

Wakfu ni njia ya kukwepa kodi?

Nafuu ya kodi ipo, na ni kubwa. Kwa sheria ya Marekani iliyotokana na mageuzi ya 1969, wakfu binafsi lazima utoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake, na hulipa kodi ya asilimia 1.39 ya mapato ya uwekezaji. Kwa kuwa umma umesamehe kodi, umma una haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi.

## Hali za pekee

Mpango wa Chan Zuckerberg ni wakfu?

Mpango huo wa Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, na mkewe Priscilla Chan, kisheria ulianzishwa 2015 kama kampuni yenye dhima yenye kikomo. Muundo huo unauruhusu kuwekeza kwenye biashara na kushawishi wanasiasa, na hauna wajibu wa kutoa asilimia 5 iliyotajwa hapo juu. Howard Hughes nayo, kwa sheria, ni shirika la utafiti wa tiba na si wakfu binafsi.

Wakfu ukifunga milango, utafiti hufa?

Inategemea kilichojengwa. Wakfu wa Whitaker uliamua kutumia fedha zake zote na kufunga mwaka 2006. Uliziweka kwenye idara za uhandisi wa tiba katika vyuo vya Marekani, na idara hizo zimebaki kwa sababu vyuo vilikuwa vimeajiri wahadhiri na kujenga majengo. Mradi uliolipa mishahara ya mkataba na magari hauachi kitu. Gates imetangaza kwamba itafunga mwishoni mwa 2045 baada ya kutumia takriban dola bilioni 200. Taasisi zinazoitegemea zina muda wa kutosha kujipanga, zikianza sasa.

Serikali zikipunguza fedha, wakfu zinaweza kuziba pengo?

Hapana. Rudi kwenye takwimu za swali la pili: hata wakfu kubwa zikiunganishwa hazifikii bajeti ya NIH. Gates yenyewe ilisema hivyo wazi mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada ya afya.

Familia isiyo na mabilioni inaweza kuanzisha wakfu wa utafiti?

Inaweza, hasa kwa ugonjwa nadra usio na anayeushughulikia. Milton Wexler alianza mwaka 1968 baada ya mama wa watoto wake kugundulika kuwa na ugonjwa wa Huntington. Wakfu wake haukuwa na fedha za kujenga maabara, kwa hiyo ulitumia kidogo kilichokuwepo kuwakutanisha wanasayansi vijana wa nyanja tofauti kwenye warsha ndogo. Binti yake Nancy, mwanasaikolojia, aliongoza kazi ya kukusanya damu na nasaba za familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huo umeenea. Mahali jeni ilipo pakajulikana 1983, na jeni yenyewe ikapatikana 1993 kwa kazi ya vikundi vilivyokubali kushirikishana data.

Anayeanza leo aanze na daftari la wagonjwa: ni nani wenye ugonjwa, wako wapi, ulianzaje, na wameridhia kutafutwa na watafiti au la. Daftari hilo hugharimu kidogo kuliko maabara, na bila hilo hakuna kampuni wala chuo kitakachoweza kufanya jaribio hata kikipewa fedha.